Tathmini ya bomba la gesi irudiwe

Mhariri,

Nimeisoma ripoti ya tathmini ya mazingira ya bomba la gesi asilia linalokusudiwa kupita kwetu. Kurasa tele, majibu haba. Inajigamba kwamba gesi ni safi kuliko makaa ya mawe. Kweli, ikichomwa. Ikivuja je? Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, hupasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 20. Uvujaji umepewa aya moja tu! Tena walioiandika wamelipwa na mwenye mradi. Kesi ya nyani kapelekewa ngedere. Tunataka wataalamu huru waipitie upya, na mkutano wa hadhara uitishwe kabla ya kibali kutolewa, si mabomba yakishafukiwa.

Mkazi wa njia ya bomba