Barua kwa Salehe kuhusu mota ya msumeno wa mkanda

Muheza, Tanga
9 Machi

Mpendwa ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata pamoja na picha za kibao cha mota, nami nimeziangalia kwa makini kabla ya kushika kalamu, kwa sababu fedha ambazo fundi anakutaka utoe ni nyingi, na kwa maoni yangu mota ya hospawa 3 anayokushauri ununue haiufai msumeno wako hata kidogo.

Umenieleza kwamba kwa muda mrefu mota ilikuwa inavuma bila kuzunguka, na kijana wako akilisukuma gurudumu la chini kwa mkono inaondoka na kufanya kazi kama kawaida, mpaka siku ile ilipotoa moshi na sakiti breka ikaanguka. Hayo ni maradhi mawili yaliyofuatana. Mota ya umeme wa fezi moja haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe kwa koili kuu peke yake. Inasaidiwa na koili ya kuwashia, kapasita (kile kikopo kinachohifadhi umeme kidogo), na swichi ndogo iliyo ndani, nyuma ya kifuniko, ambayo huitoa koili hiyo kwenye umeme pale mwendo unapofika karibu robo tatu ya mwendo kamili. Kapasita ikichoka, au unga wa mbao ukijaa kwenye visahani vya swichi hiyo, mota huvuma tu. Nimewahi kufungua mota iliyokuwa ikitumika kupasua mninga, nikakuta unga umechanganyika na grisi na kuganda juu ya visahani kama lami, mweusi na mgumu, hata ikabidi niukwangue kwa ncha ya kisu. Mota ile ilipona kwa kusafishwa na kubadilishiwa kapasita. Yako nayo huenda ingepona hivyo katika hatua ile ya kwanza. Lakini visahani hivyo vikianza kuungua huweza kunatana kabisa; hapo koili ya kuwashia hubaki ndani ya umeme bila kutolewa, na kwa kuwa haikutengenezwa kubeba kazi kwa zaidi ya sekunde chache, huungua upesi.

Kwa hiyo kabla hujakubali kwamba mota imekufa, ifungue. Chomoa waya ukutani, kisha uondoe umeme uliobaki kwenye kapasita kwa kuunganisha ncha zake mbili na taa ya balbu ya kizamani, maana kapasita hushika umeme hata baada ya kuchomolewa, na pigo lake linaumiza. Toa kifuniko cha nyuma, unuse, utazame. Koili nzima ina vanishi ya rangi ya asali au nyekundu, na nyuzi zake zimelala sawa. Iliyoungua ina weusi, vanishi imepukutika, na harufu yake kali haipotei hata baada ya wiki kadhaa. Ukiona weusi kwenye koili za waya mwembamba tu, ujue ni ile ya kuwashia. Multimita ya kawaida itakuonyesha kama waya umekatika, lakini haitoshi kukuambia kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi, kwa sababu inapima kwa volti chache mno. Mpelekee fundi mwenye mega, yaani kipimo cha uvujaji wa umeme, ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiirudishe mota hiyo kazini.

Sasa naja kwenye jambo ambalo nimeliona katika picha zako na ambalo fundi wako hakulitaja. Kibao kinasema Hz 60 (hezi, yaani umeme unageuka mara 60 kwa sekunde) na mizunguko 1725 kwa dakika. Mashine hiyo ilitoka Marekani, ambako umeme ni wa Hz 60, na wetu hapa ni wa Hz 50. Mota ya volti 230 na Hz 60 ukiiweka kwenye volti 230 na Hz 50, nguvu ya sumaku inayotakiwa kupita ndani ya chuma chake huzidi kwa takriban asilimia 20. Chuma kinashiba, ampea zinapanda, na mota inapata joto hata kama hukati kitu. Mafundi wa mota wana kanuni ya zamani kwamba kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango hupunguza maisha ya vanishi kwa nusu. Mota yako imekuwa ikifanya kazi katika hali hiyo tangu ulipoifunga. Unga wa mbao umeimalizia tu.

Ndiyo sababu sikushauri uipeleke ikasukwe koili upya, ingawa kwa kawaida mimi ni mtetezi mkubwa wa kusuka, kwani mota ya chuma kizito iliyosukwa vizuri huwa bora kuliko nyingi za dukani. Msukaji atahesabu mizunguko ya waya aliyoikuta na kuirudisha vilevile, nawe utapata mota ya Hz 60 kwa mara ya pili. Ili ifae umeme wetu inabidi aongeze mizunguko kwa asilimia 20 na apunguze unene wa waya ili ienee kwenye nafasi zilezile, na nguvu itapungua. Nunua nyingine.

Unayoihitaji ni ya kilowati 0.75, ambayo ni hospawa 1, fezi moja, volti 230, Hz 50, poli 4 (yaani ncha nne za sumaku), yenye miguu ya kufungia na bodi iliyofunikwa kabisa, IP54 au IP55 (viwango vya kuzuia vumbi na maji), ili unga usiingie tena. Iwe na kapasita mbili, moja ya kuwashia na moja ya kazi. Kwenye mota za Kichina hizo huandikwa ML au YL. Zile zenye kapasita moja ya kazi tu zinafaa feni na pampu ndogo, na magurudumu ya inchi 14 ni mazito kwao kuyaondoa. Ile ya hospawa 3 haitakata mninga vizuri zaidi. Itakachofanya ni kukata msumeno pale ubao utakapobana, badala ya beliti kuteleza kama inavyotakiwa, na waya za nyumbani kwako zitaelemewa.

Kuna suala la kufunga. Mota yako ya zamani ina shafti ya inchi 5/8 na ya sasa, ikiwa ni fremu 80 (saizi ya bodi yake), itakuwa na shafti ya milimita 19, hivyo puli ya zamani haitaingia. Usiihuzunikie. Umeniandikia kwamba puli ya mota ni inchi 2.5 na ya gurudumu ni inchi 5. Kwa mota mpya yenye mizunguko 1425, msumeno ungekwenda karibu mita 796 kwa dakika, wakati mashine hiyo ilikusudiwa kwenda karibu mita 960. Ukinunua puli ya inchi 3 yenye tundu la milimita 19 utapata mita 955, na utakuwa umemaliza mambo mawili kwa mara moja. Matundu ya miguu yatalingana kwa upana, milimita 124 na 125, lakini kwa urefu ya zamani yana 76 na mapya 100, kwa hiyo utatoboa mawili mapya kwenye bati. Shafti pia itakaa chini kwa milimita 9 hivi. Weka kipande cha bati nene chini ya miguu, kisha unyooshe puli mbili kwa rula ndefu mpaka ziguse sawa, la sivyo beliti italika upande.

Kabla ya kufunga beliti, iwashe mota ikiwa peke yake uone inazunguka upande gani. Meno ya msumeno ni lazima yashuke kuelekea mezani. Ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za nyaya mbili za koili ya kuwashia tu. Na beliti ikiwa bado nje, zungusha magurudumu kwa mkono. Kama beringi zinakwaruza, zibadilishe kwanza, kwa maana mota mpya haistahili kuvuta mzigo wa beringi mbovu.

Neno la mwisho ni umeme wenyewe. Umesema jioni unashuka hadi volti 180. Nguvu ya mota ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo hapo unabaki na asilimia 61 tu. Acha ile ekstensheni nyembamba, vuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka, na ufunge swichi inayojikata umeme ukipotea, yenye ulinzi uliowekwa kwa ampea za kwenye kibao. Volti zikiwa chini ya 200, kazi ya kupasua isubiri asubuhi.

Mwezi ujao nitakwenda Dar es Salaam na nitapita mtaa wa Gerezani. Nipimie umbali kutoka bati la mota hadi katikati ya shafti ya gurudumu, pamoja na upana wa beliti, unitumie kabla sijasafiri, nami nitakuletea mota, puli na beliti vikiwa vimelingana.

Rafiki yako wa siku zote,
Omari