Rovu likapewa dawa ya kifafa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, si mtu wa hospitali, ila nakata vitambaa mwaka wa 19 sasa na najua tarakimu moja ikisomwa vibaya inagharimu nini.

Masika haya shangazi yangu, mama wa miaka 64, aliandikiwa dawa ya rovu mjini Iringa. Alikuwa amekonda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Daktari akamwandikia kabimazoli ya miligramu 5, vidonge viwili kutwa mara tatu. Akapita duka la dawa, akapewa bahasha, akawahi basi.

Siku ya tatu akaanza kuyumba. Kwenda chooni ni kwa kushika ukuta, kuku mmoja anawaona wawili, ukimsemesha anasinzia. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa hiyo majirani wakamaliza kesi palepale: mama wa Kilutheri kaanza kunywa.

Nilipofika niliomba kuiona hiyo dawa. Bahasha imeandikwa "2x3", basi. Jina la dawa hakuna, jina la mgonjwa hakuna. Ile karatasi ya kung'aa yenye vidonge ilikatwa kwa mkasi, na mkasi ukapita juu ya jina. Kilichobaki kusomeka ni "zepini 200". Nikatafuta cheti: kinasema 5. Mimi nikiandikiwa kiuno 32 halafu nikakuta suruali ya 82 mezani, siendelei kushona.

Tabibu wa kituo cha afya akatuambia ile ni kabamazepini, dawa ya kifafa. Mwanzo wa majina hayo mawili unafanana, na daktari alikuwa ameandika herufi chache za kwanza vizuri, zilizobaki kavuta mstari tu. Yaani shangazi alikuwa anameza miligramu 1,200 kwa siku za dawa ambayo hata mwenye kifafa huanzishiwa kidogo kidogo. Na rovu lake halikuwa linatibiwa.

Nilirudi dukani. Binti wa kaunta alilia, akasema ni mwandiko wa daktari. Mwenye duka akanirudishia hela (nilizipokea, sitadanganya, nauli ilikuwa imetuumiza). Silitaji duka kwa sababu sitaki yule binti afukuzwe. Siku hiyo nilihesabu wateja tisa, naye yuko peke yake, anasoma vyeti, anapokea hela, simu inaita.

Ninachowaomba madaktari ni kimoja: pembeni ya dawa andikeni inatibu nini. "Rovu" ni herufi nne. Aliyeisoma hatapeleka mkono kwenye dawa ya kifafa. Nimeambiwa kuna siri ya mgonjwa. Sawa, wapo wasiotaka ugonjwa wao usomwe kaunta, hao waulizwe kwanza. Muuzaji naye, kabla hajafunga bahasha, aulize: "Mama, unasumbuliwa na nini?" Shangazi angemjibu kwa urefu, anapenda sana kulieleza rovu lake.

Si jambo geni huku kusini. Maduka ya dawa muhimu, yale madogo ya vijijini, yalianzia kwa jirani zetu Ruvuma mwaka 2003, wauzaji wakapewa mafunzo ya kutoa dawa na kumwelekeza mgonjwa. Kama wa kijijini alifundishika, duka kubwa la mjini linashindwa nini? Baraza la Famasi nalo likija kukagua, likishaona leseni ukutani, liombe kuona na bahasha zinazotoka siku hiyo zimeandikwa nini.

Shangazi sasa anameza dawa yake halisi na kuku amerudi kuwa mmoja. Majirani wa ulanzi bado hawajaja kumwomba radhi.

Fundi cherehani,
Makambako, Njombe