Kope likishuka baada ya sindano ya urembo, kusubiri pekee hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongezee jibu lililotolewa katika ukurasa wenu wa afya kwa msomaji ambaye kope lake la juu lilishuka baada ya kuchomwa sindano ya kuondoa mikunjo ya uso. Aliambiwa asubiri, litapanda lenyewe. Ni kweli, kwa kawaida hupanda. Hata hivyo, yapo mambo ya kuhakikisha kabla ya kukaa kusubiri, na yapo mengi zaidi ya kufanywa kabla ya sindano yenyewe. Nami nikiwa muuguzi katika kliniki ya macho, huwaona watu hawa jambo likiwa limekwisha kutokea.

Dawa hiyo, ambayo wengi huiita Botox hata inapokuwa ya kampuni nyingine, ni sumu ya bakteria iliyopimwa kwa kiasi kidogo mno. Huzuia ncha za neva zisitoe kemikali inayouamuru msuli ukaze, na msuli hulegea kwa miezi mitatu hivi. Ilianza kama dawa ya macho: Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba bila hiari, na ni mwaka 2002 ndipo ilipoidhinishwa kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi. Ikichomwa karibu mno na ukingo wa mfupa wa tundu la jicho, au ikizimuliwa kwa maji mengi ikasambaa, inaweza kupenya hadi kwenye msuli unaoinua kope la juu, na hapo jicho hubaki nusu wazi.

Kwa hiyo kinga iko zaidi mikononi mwa mchomaji. Mwenye ujuzi hukaa angalau sentimita moja juu ya ukingo ule wa mfupa, hutumia ujazo mdogo, na anajua kwamba yuniti za dawa ya kampuni moja hazilingani na za kampuni nyingine. Anapaswa pia kumuuliza mteja kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama ana ugonjwa wa neva na misuli unaoleta udhaifu, na kama anatumia antibiotiki za jamii ya jentamaisini, ambazo huongeza nguvu ya sumu hiyo.

Jambo linalosahauliwa sana ni kumtazama mteja macho kabla ya kushika sindano. Wapo watu, hasa wa makamo na wazee, ambao kope zao zimekwisha kulegea bila wao kujua, kwa sababu msuli wa paji la uso huzivuta juu siku nzima kwa kupandisha nyusi. Mikunjo wanayotaka kuiondoa ndiyo alama ya kazi hiyo. Ukiulegeza msuli huo, nyusi hushuka na ngozi huyalemea macho, ingawa dawa haikupenya popote isipotakiwa. Mtu wa namna hiyo alistahili kupunguziwa dozi au kushauriwa aache kabisa. Picha iliyopigwa kabla ya sindano humaliza ubishi wote.

Baada ya sindano, mteja asisugue wala kukanda sehemu iliyochomwa. Ushauri wa kutojilaza kwa saa kadhaa una ushahidi mdogo, lakini hauna gharama.

Kope likishuka, mara nyingi huwa ndani ya wiki mbili za mwanzo, na hurejea baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu iliyokwisha kushika msuli, na kuongeza sindano kwa pupa kunaweza kuzidisha tatizo. Daktari wa macho anaweza kuandika matone ya apraklonidini ya asilimia 0.5, ambayo hukaza msuli mwingine mdogo wa kope na kulipandisha milimita moja au mbili kwa saa chache. Marekani iliidhinisha mwaka 2020 matone ya oksimetazolini ya asilimia 0.1 kwa kope zilizoshuka ukubwani. Tafadhali, dawa ya pua yenye jina hilo isitiwe machoni. Kope likiziba mboni, mtu asiendeshe gari.

Kusubiri kukome mara moja ikiwa mtu anaona vitu viwili viwili, anashindwa kumeza, sauti inabadilika au pumzi inakuwa nzito: hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana sumu huenda imesambaa mwilini. Vivyo hivyo kope likishuka pamoja na kichwa kuuma vikali au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, sindano isisingiziwe; chanzo chaweza kuwa ndani ya kichwa.

Mwezi Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilionya kuhusu sindano bandia za aina hii baada ya watu kuugua, baadhi yao wakiwa wamechomwa na watu wasio na leseni. Huku kwetu, ambako saluni na kliniki za urembo zinaongezeka mijini, ningependa kila mteja aoneshwe chupa kabla haijafunguliwa, kisha apewe karatasi yenye jina la dawa, namba ya toleo, idadi ya yuniti na mahali zilipochomwa. Anapotufikia na kope lililoshuka, karatasi hiyo ndiyo tunayoiomba kwanza, na mara nyingi hana.

Muuguzi wa macho,
Dar es Salaam