Utabiri wa bahari utaje na saa za maji

Mhariri,

Utabiri ukitaja upepo na mawimbi bila saa za maji kujaa na kupwa, mwogeleaji wa Coco Beach amepata nusu ya habari. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 jioni, watu ndio kwanza wanafika. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likiwa limevuma tangu asubuhi, mawimbi hupanda mwamba, na maji yanayorudi hukimbilia kwenye mapengo yake. Hapo ndipo penye mkondo: utepe wa maji ya mchanga, hauna povu, tena unaonekana shwari kuliko kwingine! Ukikuchukua usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuko hadi utoke, ndipo urudi. Siku hizo hizo, saa 4 asubuhi maji yamekupwa, shida ni mawe makali tu, vaa raba.

Msomaji, Dar es Salaam