Barua ya Malalamiko: Shotigani Yenu Inang'ang'ania Maganda

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SHOTIGANI YENU YA PAMPU, GEJI 12, NA MAJIBU TULIYOPEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza silaha wa klabu ya kulenga shabaha. Bunduki zote za klabu hupita mikononi mwangu: nazifungua, nazisafisha, nazipaka mafuta, na mtu akitoka kwenye mstari wa kufyatulia na bunduki iliyokwama, mimi ndiye ninayeletewa. Shotigani yenu tuliinunua kwa sababu bei yake ilikuwa ya kumudu kwa bunduki ya wanaojifunza, na kwa sababu tangazo lenu liliahidi bunduki ya kuaminika katika mazingira yoyote. Nimeshaandikia idara yenu zaidi ya mara moja, na bunduki imeshakwenda kwa mafundi wenu na kurudi. Ilirudi na karatasi yenye maneno machache: imekaguliwa, haina hitilafu.

Hitilafu ipo. Naomba mnisome hadi mwisho, maana kwa majibu niliyoyapata mpaka sasa, sioni dalili kwamba kuna mtu aliyeitafuta.

Bunduki ikiwa baridi inafanya kazi vizuri. Pampu, yaani mshikio unaoteleza chini ya mtutu, inakwenda nyuma, ganda linaruka nje, risasi mpya inapanda, pampu inarudi mbele. Mtutu ukishapata moto mambo hugeuka. Mtu anafyatua, anavuta pampu, nayo inasogea kidogo tu kisha inagoma. Bolti, kile chuma kinachoifunga nyuma ya mtutu, imeshajifungua, ukucha wa kuvutia umeushika ukingo wa ganda, lakini ganda lenyewe limeng'ang'ania ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa. Akiongeza nguvu, ama ganda linachomoka kwa kishindo, ama ukucha unateleza, unaumega ukingo, na ganda linabaki palepale. Likibaki, inabidi nitoe kwanza risasi zote zilizo kwenye magazini, yaani bomba la akiba ya risasi, kisha nilisukume ganda kwa fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu. Mwanafunzi anayejifunza kwa bunduki ya namna hii anajifunza kuiogopa.

Jibu lenu la kwanza lilikuwa kwamba mtumiaji havuti pampu hadi mwisho. Kosa hilo lipo duniani, tena kwa wanaojifunza ni la kawaida, na ndiyo sababu nalijua sura yake. Mtu asipovuta pampu hadi mwisho, pampu haigomi. Inasogea kwa wepesi, ila anairudisha mbele kabla ya wakati. Matokeo yake ganda kuukuu linarudi chemba, au risasi mpya haipandi na bolti inafunga juu ya chemba tupu. Hapa kwetu pampu inakwama mwanzoni kabisa mwa safari yake, na hakuna mkono unaoweza kuivuta hadi mwisho hata ukitaka. Isitoshe, bunduki hii imeshikwa na watu wa kila aina, wageni na wazoefu, wenye mikono mirefu na mifupi, na imewakwamia wote. Watu hao hao wakichukua shotigani nyingine za klabu, wakiwa na risasi za boksi lilelile, maganda yanatoka.

Nimeambatanisha maganda na barua hii. Tafadhali chukueni moja mlitazame chini ya taa, mkilizungusha taratibu kwenye sehemu ya chuma. Mtaona mistari myembamba inayolizunguka ganda pande zote, kama nyuzi za skrubu. Kisha chukueni tochi, ondoeni mtutu, mtazame ndani ya chemba. Mistari ileile imo humo. Ni alama za chombo kilichoichonga chemba kiwandani, na hakuna aliyerudi kuisugua ikawa laini. Kwenye ukingo wa ganda kuna sehemu moja iliyopinda na kuchanika. Hapo ndipo ukucha ulipokuwa ukivuta wakati chemba inakataa kuachia.

Mafundi wenu wanajua jambo hili vizuri kuliko mimi, lakini nitalieleza kwa ajili ya yeyote atakayeisoma barua hii ofisini. Risasi ikilipuka, shinikizo hulipanua ganda hadi likabana kuta za chemba. Shaba hurudi nyuma kidogo shinikizo linaposhuka, ndiyo maana huachia kirahisi. Risasi nyingi za bei nafuu hazina shaba pale chini. Zina chuma chembamba kilichopakwa rangi inayofanana na shaba, na chuma hicho hakirudi vizuri kama shaba. Kwenye chemba laini hilo halina madhara. Kwenye chemba yenye mistari, chuma hujibana ndani ya mistari hiyo, na plastiki ya ganda, ikiwa imeshapata moto, huifuata. Anayenunua bunduki ya bei nafuu atanunua na risasi za bei nafuu. Mnamjua mteja wenu, kwa hiyo bunduki yenu ilipaswa kutengenezwa kwa ajili ya risasi atakazozitumia.

Sasa nirudi kwenye ule ukaguzi wenu. Karatasi yenu inasema bunduki ilijaribiwa kwa risasi bandia, zisizo na baruti. Risasi bandia haipanuki. Haina moto. Haiachi plastiki wala masizi. Ukiipitisha kwenye chemba mbaya kuliko zote itaingia na kutoka bila shida, kwa sababu hakuna kilichoisukuma kwenye kuta. Kwa hiyo mlichopima ni kama pampu inateleza, magazini inasukuma, na kinyanyuzi kinanyanyua. Hayo yote ni mazima, na sikuyalalamikia. Nililolalamikia mimi hutokea baada ya kufyatua, bunduki ikiwa ya moto, na hilo halikujaribiwa hata mara moja.

Baadaye mlinitumia ukucha mpya bila malipo. Nashukuru kwa hilo. Niliufunga, na ulifanya kazi vizuri zaidi kwa muda, kisha makali yake yakaanza kulika kama ya ule wa kwanza. Ukucha unalika kwa sababu kila siku unavuta kitu kisichotaka kutoka. Mkinitumia mwingine nao utakwenda njia hiyohiyo.

Mwenzenu mwingine aliniandikia kwamba bunduki "itajilainisha yenyewe" ikitumika. Nakubali kwamba fimbo mbili zinazoiunganisha pampu na bolti hulainika kwa kusuguana, na reli za bolti vilevile. Pampu ya shotigani mpya ikiwa nzito kidogo silalamiki, naipaka mafuta na kusubiri. Lakini chemba haisuguani na sehemu nyingine ya bunduki. Kinachoingia humo ni ganda na moshi, na uchafu wake hujaa kwenye mistari na kuongeza ubishi. Kusubiri hakutaisaidia.

Jambo lililonifanya niandike barua rasmi, badala ya kuendelea na ujumbe mfupi mfupi, ni ushauri nilioupata kwa simu. Niliambiwa ganda likikwama nigonge kitako cha bunduki chini, huku nikiivuta pampu, na litatoka. Ndugu Meneja, naomba ulifikirie hilo kwa makini. Anayegonga kitako chini ameuelekeza mtutu juu, mara nyingi karibu na uso wake. Kwenye magazini kuna risasi nzima. Mtu mzoefu anajua kwamba lililokwama ni ganda tupu, lakini anayejifunza, akiwa na wasiwasi, anaweza kukosea na kugonga bunduki yenye risasi hai ndani ya chemba. Sijamfundisha mtu yeyote kufanya hivyo na sitamfundisha. Najua wapo mafundi wenye uzoefu wanaofanya hivyo kwa tahadhari zote. Ila kampuni inayouza bunduki kwa watu wa kawaida haiwezi kutoa ushauri huo kwa simu kwa mtu isiyemjua, tena kama dawa ya kasoro iliyotoka kiwandani kwake.

Mlinikumbusha pia kwamba mtutu una mhuri wa majaribio, na kwamba huo ni uthibitisho wa ubora. Mhuri nimeuona, na ninauheshimu. Taasisi ya kimataifa ya CIP, inayosimamia majaribio ya usalama wa bunduki na iliyoanza mwaka 1914, imeweka kanuni zinazofuatwa na nchi wanachama: risasi ya kawaida ya geji 12 isizidi shinikizo la bar 740, na kabla bunduki haijauzwa ifyatuliwe kwa risasi maalumu inayozidi kiwango hicho kwa takribani robo. Bunduki ikipita bila ufa wala kupanuka, inagongwa mhuri. Maana yake ni kwamba mtutu na bolti havitapasukia usoni mwa mtu. Ni jambo kubwa, na mtu asinunue bunduki isiyo na mhuri huo. Lakini mhuri hautamki lolote kuhusu ganda kutoka au kutotoka. Bunduki inaweza kuwa imara kabisa na bado ikawa haiaminiki. Ninyi mmeuchukua uthibitisho wa usalama wa mtutu mkauweka kwenye tangazo kana kwamba ni uthibitisho wa utendaji.

Utendaji hupimwa kwa kufyatua sana. Vipimo vya jeshi la Marekani vya shotigani, vinavyojulikana kwa namba 3443, vilitaka bunduki ifyatuliwe risasi 3,000 za nguvu kamili. Sidai kwamba kila shotigani mnayouza ipitie hayo, na bei yenu isingeruhusu. Nataka tu kujua kama iko hata moja ya aina hii ambayo mmeifyatua mfululizo hadi ikapata moto, mkitumia risasi za kawaida za dukani, kabla ya kuandika neno "kuaminika".

Msinijibu kwamba bunduki ya bei rahisi haiwezi kuwa nzuri. Mossberg 500, shotigani ya pampu ya Marekani, imekuwapo tangu mwaka 1961, mwili wake ni wa alumini, na haijawahi kuwa bunduki ya matajiri. Ina kucha mbili za kuvutia ganda, fimbo mbili za pampu, na bolti yake hujifunga kwenye chuma cha mtutu wenyewe, kwa hiyo alumini haibebi mzigo wa mlipuko. Watengenezaji wake walipotaka kitu cha bei ya chini zaidi wakatoa Maverick 88. Walibana matumizi kwenye mshikio wa pampu na kwenye sefti, yaani kile kizuizi cha usalama, ambayo waliihamishia karibu na kifyatulio. Sehemu nyingi za ndani waliziacha zilivyokuwa. Hapo ndipo pa kubania. Kitako cha plastiki hakijamsumbua mtu yeyote hapa klabuni, wala rangi isiyong'aa, wala pini zisizosuguliwa kwa nje. Mngebana huko kote nisingeandika. Ila chemba, ukucha, na vile vizuizi vinavyoachia risasi moja moja kutoka kwenye magazini ndiyo bunduki yenyewe. Kuisugua chemba ni kazi ndogo kwa kiwanda chenye mashine, nanyi mliiruka.

Ninachoomba ni hiki. Bunduki ichukuliwe kwa gharama yenu, chemba isuguliwe au mtutu ubadilishwe, na kabla ya kurudishwa ifyatuliwe kwa risasi halisi za bei nafuu, za watengenezaji tofauti, hadi mtutu uwe wa moto. Karatasi itakayorudi nayo ieleze ni risasi gani zilizotumika na ngapi zilikwama. Ikiwa hamwezi kufanya hivyo, basi tutarudisha bunduki na kudai fedha zetu zote. Kubadilishiwa kwa nyingine ya toleo lilelile sitakubali, mpaka niione chemba yake kwa tochi.

La pili halihusu klabu yetu peke yake. Ule ushauri wa kugonga kitako chini ufutwe kwenye maelekezo wanayopewa wahudumu wenu wa simu, na wanunuzi wa toleo hili wapelekewe maelekezo ya maandishi ya njia salama ya kutoa ganda lililokwama: mtutu uelekezwe upande usio na mtu, magazini itolewe risasi, ihakikishwe kwamba lililo ndani ni ganda tupu, ndipo fimbo itumike. Hili lisisubiri mmalize kubishana nami kuhusu chemba.

Bunduki nimeiondoa kwenye matumizi na kuifungia kabatini, ikiwa safi na bila risasi. Naomba majibu kwa maandishi, kutoka kwa mtu aliyeyatazama maganda niliyoyaambatanisha.

Wako mwaminifu,

Mtunza Silaha,
kwa niaba ya klabu.