Herufi moja ilivyopoteza kijiji

Athens

Mjomba, shikamoo.

Huku sote wazima, kazi ya hoteli inaendelea. Hela ya mabati nimeituma Ijumaa kwenye simu ya Mama. Mwambie fundi asitubadilishie geji.

Sasa lile swali lako, kama wale Wagiriki wa vitabuni bado wapo. Jumapili nilivuka kwa pantoni toka Oropos hadi Eretria, kisiwa cha Evia, nikaenda kuona Amarynthos. Utacheka, wewe uliyetucharaza kwa kukosea kunakili ubaoni.

Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa miaka kama elfu mbili iliyopita, aliandika kuwa kijiji cha Amarynthos, penye hekalu la Artemi, mungu wao wa kike, kiko stadia 7 (kipimo chao cha umbali) kutoka kuta za Eretria. Hiyo ni kilomita moja na ushei. Watafiti wakapasaka kandokando ya Eretria miaka nenda rudi, wapi! Ndipo Mswisi mmoja, Denis Knoepfler, akaitilia shaka namba yenyewe. Wagiriki waliandika namba kwa herufi: 7 ni Ζ, 60 ni Ξ. Zitazame vizuri, Mjomba. Mnakili akisinzia kidogo tu, kilomita 11 zimekuwa moja.

Na kweli, umbali huo kuelekea mashariki, chini ya kilima cha Paleoekklisies, 2007 wakafukua msingi wa baraza ndefu ya nguzo. Wabishi hawakukosekana, maana baraza yaweza kuwa ya yeyote. Mwaka 2017 vikatoka vigae vya paa vyenye mhuri wa jina la Artemi, ubishi ukaisha. Nani abebe vigae kilomita kumi?

Mimi nimechungulia kupitia waya tu: mistari ya mawe makubwa ya kuchonga, chini kabisa shimoni, bahari hapo karibu. Ila Strabo huyo huyo anataja maandamano ya sikukuu yao, askari wa miguu 3,000, wapanda farasi 600, magari ya farasi 60. Kwa kilomita moja, wa mbele wangefika wa nyuma wangali mjini! Hilo lilitosha kuwashtua mapema.

Rhapta yetu je, ile bandari ya kale ya pwani yetu iliyopotea? Yule mfanyabiashara wa kale aliyeandika kwa Kigiriki habari za pwani hiyo aliiweka mwendo wa siku mbili kwa chombo kupita kisiwa cha Menouthias, na hadi leo wengine wanasema Rufiji, wengine Pangani kama wewe. Kitabu chake nacho kilinakiliwa kwa mkono. Hiyo mbili unaiamini?

Nijibu kwa Zaina, ana bando. Msalimie mkaza mjomba na watoto wote.

Mpwa wako,
Rashidi