Jumamosi: sindano, nyuzi na togwa

Shikamooni mama zetu, na habari za jioni wengine wote.

Mlima haujaonekana tangu Jumatatu na baridi hii ya Julai imetushika kweli. Wenzetu wa Ulaya hufuma theluji ikidondoka nje. Yetu iko juu Kibo, hapa Moshi tuna ukungu na manyunyu, lakini hamu ya kufuma ni ileile. Jumamosi saa tisa alasiri, kwangu.

Nyuzi mpya ni ghali, kwa hiyo pitieni soko la Memorial mtafute sweta za mtumba za sufu. Kabla ya kulipa, igeuze ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukikuta umekatwa na kupigwa ovaloki, iache, ukifumua utapata vipande vifupi tu. Nyingine chukua. Fumua, zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, utundike, mikunjo itanyooka. Mimi nilipata hivyo uzi wa kofia mbili na soksi za mjukuu, na bado nafurahi kila nikiziona.

Kinywaji ni togwa, si mbege, maana watoto watakuwepo na wengine hatunywi pombe. Uji wa mahindi nauacha upoe hadi vuguvugu ndipo natia unga wa kimea cha ulezi. Ukiwa wa moto sana utamu hautoki. Nitaandaa alfajiri tuinywe kabla haijachachuka. Pia kutakuwa na choya (rozela) ya tangawizi.

Mnaojua kukunja kisigino cha soksi, tafadhali msikose. Wasichana watatu wameniomba wafundishwe hicho tu.

Anayekuja aandike hapa kabla ya Alhamisi, nijue idadi ya vikombe.